Dodoki kwenye Kioo cha Meneja

Mwantumu binti Isihaka alizaliwa Misima, akaolewa Handeni mjini, na kote huko adui yake alikuwa mmoja tu: vumbi. Watu wengine wa Handeni walikwisha kufanya suluhu nalo. Kiangazi kikikolea, vumbi jekundu linaingia bila hodi, linatua juu ya kabati, linatua kwenye sahani, na mtu anapuliza kidogo anakula. Mwantumu hakupuliza. Mwantumu alifuta. Mumewe, marehemu mzee Mbaruku, aliwahi kuwaambia wenzake kwamba akisinzia mchana kwenye kiti chake humbidi ajitikise mara kwa mara, maana mkewe akimkuta ametulia sana atamfuta naye.

Kufuta huko huko ndiko kulikomlisha. Alianza ujanani kwenye ofisi ya chama cha ushirika, akisugua sakafu ya saruji kwa rangi nyekundu ya kopo na kumbi la nazi, hadi makarani wakawa wanatembea kwa kunyata wasije wakavunja nyonga. Soko huria lilipoingia, chama kikahema miaka michache, kisha kikakata roho. Siku ya mwisho makarani walikuwa wakigombania viti na mashine za chapa. Mwantumu alikuwa akipiga deki.

"Mama Zamda, unapiga deki ya nini? Jengo limeshauzwa!" karani mmoja alimwambia, kwapani ana droo ya meza.

"Limeuzwa," alijibu bila kuinua kichwa. "Halikuuzwa chafu."

Baada ya hapo alikaanga maandazi miaka mitano, mpaka shirika moja lililokuja kugawa mbegu za mtama na ufuta lilipofungua ofisi mjini na kutafuta mhudumu. Alipoenda kuomba kazi hawakumuuliza maswali mengi. Wakati anasubiri zamu yake alikuwa amekwisha kufuta benchi, mlango, na fremu za madirisha mawili.

Meneja wa shirika alikuwa Bwana Habakuki, Msambaa wa Bumbuli, mtu mnene, mstaarabu, mwenye suti mbili na sauti ya kuongoza kwaya. Nje ya chumba chake alikaa Tatu, katibu muhtasi, binti mchangamfu aliyechapa barua huku akitafuna karanga. Mabwana shamba wawili walikuwa vijijini siku zote, wakirudi mwisho wa mwezi wamegeuka rangi ya barabara.

Kompyuta za kwanza za ofisi hiyo zilikuwa zile zenye chogo, zimetuna nyuma kama mtu aliyebeba gunia la mahindi. Kioo chake kilikuwa kioo hasa, kinene kama cha dirisha la benki, na Mwantumu alikijua vizuri: gazeti la juzi, spiriti kidogo, sugua mpaka gazeti lilie kwii-kwii. Kilitoka kinang'aa hivi kwamba Tatu alikitumia kujipakia poda.

Ndipo ukaja mwaka elfu mbili na sita, mwaka wa ukame na mgawo wa umeme. Mvua zilikuwa zimegoma, maji yanaletwa kwa punda, na vumbi lilikuwa halijawahi kuwa na nguvu kama hizo. Katikati ya balaa hilo gari kutoka Dar es Salaam likashusha maboksi manne membamba. Bwana Habakuki aliwakusanya wote chumbani kwake, akafungua boksi la kwanza kwa mkasi, akakiinua kitu kile juu kwa mikono miwili kama mtoto anayebatizwa.

"Hii inaitwa flati," alisema. "Haina chogo. Mmeona? Nyembamba kama chapati."

"Na ndani yake kuna nini, bosi?" Mwantumu aliuliza, kwa sababu mfutaji hupenda kujua anafuta nini.

"Teknolojia," alijibu Bwana Habakuki, na mafunzo yakaishia hapo.

Zilikaa wiki moja tu kabla inzi hajafanya yake. Asubuhi hiyo meneja alimwita Mwantumu chumbani, amekunja uso.

"Mama Zamda, tazama hapa. Kuna nukta katikati ya barua yangu. Nimeifuta kwa kitufe mara tano, maneno yote yamefutika, nukta imebaki."

Mwantumu aliinama akaitazama. "Hiyo si nukta ya barua, bosi. Hiyo ya inzi."

Bwana Habakuki alikohoa. "Basi iko kwenye idara yako," alisema, akachukua kofia yake akaenda Sindeni kutazama mashamba ya mfano.

Umeme ulikatika saa tatu, kama ulivyopangiwa. Mwantumu akabaki na kile kioo cheusi, wawili tu, ana kwa ana. Alianza kwa upole, kwa ncha ya kanga kavu. Nukta ikakaa. Akaleta gazeti na spiriti. Nukta ikatoka, lakini mahali pake pakabaki doa la mafuta, na Mwantumu hakuwa mtu wa kuacha doa. Akaleta dawa ya vioo, ile ya buluu ya kupuliza, akakipulizia kioo usoni mpaka ikachuruzika na kuzama kwenye ufito wa chini. Akasugua. Sasa doa likawa mchirizi, na mchirizi ukawa mawimbi. Alipokandamiza kwa kidole gumba, kioo kikabonyea kidogo kama shavu, naye akatikisa kichwa kwa masikitiko: vitu vya siku hizi havina mfupa.

Hapo ndipo alipokwenda uani kuchukua dodoki.

Lilikuwa dodoki jipya, kavu, alilolichuma mwenyewe kwenye ua wa nyumba yake. Alilichovya kwenye maji yenye sabuni ya unga, akakisugua kioo cha meneja kutoka pembe hadi pembe, kwa mizunguko mikubwa kama anayesugua sufuria la harusi. Kisha akakisuuza kwa kitambaa cha maji ya kisima, akakikausha kwa taulo, akarudi nyuma hatua mbili kukitazama. Kilikuwa cheusi, kimetakata, hakina nukta wala doa. Alirudi kwake mchana ule ameridhika.

Umeme ulirudi kesho yake saa nne. Bwana Habakuki aliwasha kompyuta, akakaa, akatazama. Akafumba macho, akayafumbua. Akapiga kelele: "Tatu! Nani anachoma taka?"

"Hakuna anayechoma, bosi."

"Mbona kuna moshi?"

"Moshi uko wapi?"

Meneja alifikicha macho kwa leso, akatazama tena, na moshi ukawa pale pale, mweupe, umezunguka-zunguka juu ya barua zake. Sasa, baba yake Bwana Habakuki alikuwa amepofuka uzeeni. Aliishi miaka yake ya mwisho akiongozwa kwa fimbo kule Bumbuli, na mwanawe, ambaye sasa alikuwa na miaka hamsini na minne, alikuwa akiingoja siku hiyo kimyakimya tangu alipofikisha arobaini. Alipouona ule ukungu hakuwa na haja ya kumuuliza mtu. Alijua upofu umefika.

Hakumwambia mtu ofisini. Jumamosi alikwenda Korogwe kwa shughuli nyingine, na pale stendi akakutana na mchuuzi aliyebeba kibao cha miwani kifuani. Akajaribu moja, akajaribu ya pili, ya tatu akaona ina vioo vizito vya kitaalamu, akainunua. Kuanzia hapo hali ikawa mbaya kweli kweli. Bila miwani alikuwa haoni kompyuta. Akivaa miwani alikuwa haoni kitu chochote. Jumatatu alimwamkia punda wa maji. Jumanne alitia sahihi kwenye meza, nje ya karatasi. Na kwa kuwa hakuivua isipokuwa wakati wa kulala, aliamini ugonjwa unakwenda mbio.

Jumatano Mwantumu aliingia chumbani mwake na chai. Kwa kawaida aliiweka chai pembeni mwa mlango akatoka, maana meneja hakupenda kusumbuliwa. Siku hiyo, kwa kuwa aliogopa meneja angeimwaga, alizunguka meza amkabidhi mkononi. Ndipo kwa mara ya kwanza tangu akisugue akakiona kioo kikiwa kimewashwa.

Ukungu ulikuwa umekaa kwa mizunguko. Mizunguko mikubwa, kutoka kulia kwenda kushoto, mmoja umempanda mwenzake, na katikati yake vijistari vyembamba kama kuku amepekua. Mtu anaujua mkono wake. Mwantumu aliijua mizunguko ile kama anavyoijua sauti ya mwanawe.

"Asante, Mama Zamda," meneja alisema akipapasa hewani kutafuta kikombe. "Niwekee mkononi. Macho yangu, mama. Macho yangu yanakwenda."

Mwantumu alimshikisha kikombe. Akaenda stoo, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, na kwa nusu saa nzima hakufuta kitu chochote.

Zikapita wiki mbili na zaidi, na kila siku ilimzidishia. Mke wa meneja, Mama Grasiana, mwanamke mpole wa maneno machache, alianza kuleta chakula cha mchana yeye mwenyewe: maini na karoti, kwa sababu mtu alimwambia maini na karoti ni chakula cha macho. Bwana Habakuki, aliyechukia maini tangu utoto, aliyala yote akiwa amefumba macho. Saa kumi mkewe alikuja kumchukua, wakaondoka wameshikana mikono, yeye akimwambia, "Jiwe hapo, baba. Shimo hapo." Watu wa kanisani walikuja wakaimba barazani. Tatu alilia mara mbili kwa siku, asubuhi na baada ya karanga. Na zikavuma habari kwamba meneja ataandikiwa barua aende hospitali kubwa ya Moshi, pengine akapasuliwe.

Hilo la kupasuliwa ndilo lililomwondoa Mwantumu kitandani Jumamosi alfajiri akapanda basi la Korogwe. Alikuwa na wazo moja: kilichoharibika kwa kusugua lazima kina dawa yake, na akikitengeneza kioo kabla ya Jumatatu, hapana haja ya kumwambia mtu. Binti yake Zamda, aliyeolewa Manundu pale Korogwe, alimwelekeza kibanda cha fundi wa kompyuta nyuma ya mashine ya kusaga. "Ulizia Naishorua," alisema. "Ndiye anayewatengenezea wote hapa."

Mwantumu alikuta kibanda kimejaa mashine zilizofunuliwa matumbo, na mbele yake ameketi mwanamke wa Kimasai, kijana, ana lubega ya buluu na shanga masikioni. Aliangaza huku na huku kumtafuta fundi. Hakumwona. Akaamini fundi ametoka, na huyu ni muuza dawa aliyejipumzisha kivulini, kama wale wanaopita mitaani na mizizi yao.

"Shikamoo, mama," alisema yule mwanamke.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Namngoja fundi." Kisha, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umejaa na dawa haina dharau, akaongeza kwa sauti ya chini: "Lakini hebu nikuulize na wewe. Huna kitu cha ukungu?"

"Ukungu gani?"

"Mweupe. Umekaa kwa mizunguko."

Yule mwanamke alishusha pumzi. "Mama, mimi siuzi dawa. Jana mzee mmoja amekaa hapo ulipokaa, amevua shati anionyeshe mgongo. Mimi ndiye fundi. Nimesoma Arusha miaka miwili. Ukungu uko jicho gani?"

"Hauko jichoni," Mwantumu alisema, akaona aibu inampanda mpaka masikioni. "Uko kwenye flati."

Naishorua aliweka bisibisi chini. Alimtaka aeleze kila kitu tangu mwanzo, na Mwantumu akaeleza: kanga, gazeti, spiriti, dawa ya vioo, kidole gumba. Kila kitu kilipotajwa, fundi alifumba macho kidogo kama mtu anayechomwa sindano. Lilipotajwa dodoki, alisimama kabisa.

"Dodoki lenyewe hili la kuogea?"

"Lilikuwa jipya," Mwantumu alijitetea.

Naishorua alicheka mpaka shanga zikalia. Halafu akavuta flati iliyokufa kutoka chini ya meza, akaweka kidole cha Mwantumu juu yake. "Gusa taratibu. Unasikia? Hiki si kioo, mama. Cha chogo ni kioo. Hata ungekipiga kwa kitambaa cha gunia kisingejali. Hiki ni karatasi laini za plastiki zilizopangwa, na juu kabisa kuna utando mwembamba sana wa kuzuia mng'ao. Spiriti na dawa ya vioo vinaula ule utando. Gazeti na taulo vinaukwaruza. Dodoki..." Alitafuta neno, akaliacha.

"Sasa tunaurudisha vipi?"

"Haurudi."

Mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma ukuta wa pili, na unga ulikuwa ukipenya kwenye mianya na kutua mezani taratibu. Kwa mara ya kwanza maishani Mwantumu aliutazama unga ukitua, wala hakuufuta.

"Lakini hizo nyingine tatu zinaweza kupona mikono yako," Naishorua alisema kwa upole zaidi. "Njoo nikuonyeshe."

Alimwonyesha. Kwanza unazima, unachomoa waya ukutani, unasubiri ipoe. Ikiwa nyeusi unaliona vumbi vizuri, na ikiwa ya baridi haikaushi majimaji haraka ikaacha alama. Kisha unachukua kitambaa laini, kikavu, cha pamba iliyochoka, na hakuna kizuri kama fulana ya ndani iliyofuliwa mara mia. Unapitisha juu kwa juu, bila kukandamiza. Vumbi jingi huondoka hapo hapo. Kama doa limegoma, unalowesha kitambaa, hukilowesha kioo. Na maji yenyewe yasiwe ya kisima cha Handeni, yana chumvi, yatakuachia madoa meupe. Tumia maji yaliyokenekwa, yale maji safi ya kuongezea betri.

"Asidi?" Mwantumu alishtuka.

"Si asidi! Asidi ni kitu kingine, mama, nakuomba, nisije nikasikia habari zako redioni. Maji. Na doa likiwa sugu sana, changanya maji hayo na siki nyeupe, nusu kwa nusu. Kitambaa kiwe na unyevu tu, kisidondoshe. Ukimaliza, acha pakauke kabisa ndipo urudishe umeme."

Akampa kile kitambaa ajaribu. Mwantumu akasugua. "Hapana," Naishorua akamshika kifundo cha mkono. "Umewahi kumfuta mtoto mchanga tongotongo?"

"Watoto watano."

"Basi. Hivyo hivyo."

Mwantumu alifuta hivyo hivyo, na vumbi likaondoka kama limeombwa. Alipoaga, Naishorua alimsindikiza hatua chache. "Na huyo meneja wako, mama. Mwambie. Huwezi kumwacha mtu akapasuliwe jicho kwa sababu ya dodoki."

Jumatatu Mwantumu alifika ofisini na kapu lenye fulana mbili kuukuu za marehemu mumewe, chupa ya maji ya betri, na chupa ya siki. Tatu alichungulia kapuni akauliza kama leo kuna kachumbari. Mwantumu alimpita akaingia kwa meneja. Ndani ya chumba begi la safari lilikuwa limesimama kando ya meza, na Bwana Habakuki, miwani puani, alikuwa ameukabili ukuta akidhani ni dirisha.

"Bosi, ni mimi. Nina neno."

"Mama Zamda. Najua umekuja kunipa pole," alisema, na sauti yake ya kwaya ikatetemeka. "Keshokutwa nakwenda Moshi. Nikuambie kitu. Nikipofuka kabisa, katika ofisi hii kitu nitakachokikosa ni kuuona usafi wako."

Mwantumu aliweka kapu chini. "Bosi," alisema, "vua miwani."

"Nitaanguka."

"Umekaa. Vua. Usome kalenda ile pale."

Aliivua, akapepesa macho, akaigeukia kalenda iliyokuwa ukutani upande wa pili. Akasoma mwezi. Akasoma tarehe. Akasoma yale maandishi madogo ya chini kabisa, jina la mchapishaji na sanduku lake la posta. Akasimama. Akatoka mbio hadi mezani kwa Tatu, akainama mbele ya kompyuta yake, akaanza kusoma kwa sauti barua iliyokuwa hapo, mpaka mahali Tatu alipokuwa amemwandikia mchumba wake, Tatu akaifunika kwa mikono.

"Naona!" Bwana Habakuki alinguruma. "Bwana asifiwe! Nimeponywa!"

Tatu akaanza kulia zamu yake ya asubuhi. Mpita njia mmoja akaingia akauliza kuna nini, akaambiwa muujiza, akavua kofia. Na hapo Mwantumu angeweza kunyamaza. Aliliona hilo waziwazi, limesimama mbele yake kama mlango uliofunguliwa: Mungu amemponya meneja, dodoki halijulikani, na dunia inaendelea. Alikuwa bado anautazama mlango huo wakati Bwana Habakuki aliporudi chumbani kumpigia simu mkewe, akaketi kwenye kiti chake, akatazama mbele.

"Umerudi!" alilia. "Ukungu umerudi!"

Mwantumu aliingia akafunga mlango nyuma yake. "Haukurudi, bosi. Ukungu unakaa hapo. Macho yako hayana neno. Niliuweka mimi."

"Uliuweka wewe? Kwa nini?"

"Kwa dodoki."

"Dodoki," alisema Bwana Habakuki.

"Na sabuni ya unga. Na spiriti. Na dawa ya vioo."

"Chumvi hukutia?"

"Hapana, bosi."

"Limao?"

"Hapana." Machozi yalikuwa yakimtoka sasa, naye akayaacha yatoke. "Ile nukta ya inzi. Nilitaka ing'ae. Jumamosi nimekwenda mpaka Korogwe kutafuta dawa yake; fundi amesema haina. Kama ni kunifukuza, nifukuze, lakini usiende kupasuliwa."

Bwana Habakuki aliiweka miwani mezani. Uso wake ulipita rangi kadhaa. "Siku kumi na tisa," alisema hatimaye, kana kwamba anazungumza na mtu mwingine. "Nimekula maini siku kumi na tisa." Halafu sauti yake ikashuka. "Huyo fundi amesema inafutwaje?"

Mwantumu alimweleza yote, kuzima, kupoa, fulana, maji ya betri. Aliposema maji ya betri meneja alivuta kiti chake nyuma, mpaka alipomfafanulia. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akafanya jambo ambalo Mwantumu hakulitarajia: alipiga magoti kwa shida, akainamia mguu wa meza, akachomoa kijitabu kilichokunjwa mara nne chini yake. Meza ikayumba.

"Hiki kilikuja ndani ya boksi," alisema bila kumtazama. "Nilipaswa kukisoma, nikueleze. Meza ilikuwa inanichosha."

Wakakifungua pamoja. Ukurasa wa nane ulikuwa na picha ya mkono ulioshika kitambaa laini, na kando yake picha ya chupa ya kupulizia imekatwa kwa msalaba mwekundu. Hapakuwa na picha ya dodoki. Nadhani waliochora hawakulifikiria. Wakaitazama ile chupa iliyopigwa msalaba, wakatazamana, na Bwana Habakuki akaanza kucheka, kwanza tumboni, kisha mabegani, mpaka kiti kikalia. Mwantumu akacheka na machozi yake juu.

Hakumfukuza. Kioo chenye ukungu kilipelekwa chumba cha mabwana shamba, ambao hawakuona tofauti, na yeye akachukua kimojawapo cha kwao. Siku hiyo hiyo Mwantumu alizipitia flati zote zilizobaki kwa fulana ya marehemu. Tatu alisimama kando akijifunza, na kufikia mwisho wa mwezi mahakama na internet kafe ya mtaa wa sokoni walikuwa wakituma mtu kumwomba Mama Zamda aje na kapu lake.

Lilibaki jambo moja. Mchana wa siku ile ya kijitabu, Mwantumu akitoka chumbani, meneja alimwita arudi.

"Mama Zamda, mke wangu usimwambie. Bado." Alikuwa akiigeuzageuza ile miwani. "Miaka ishirini na saba ya ndoa hajawahi kunishika mkono barabarani. Jioni ananisomea gazeti, mpaka matangazo ya vifo. Acha nipone polepole. Wiki mbili, tatu."

Mwantumu aliapa. Moshi ikaahirishwa, habari zikatolewa kwamba kuna nafuu kidogo, na Bwana Habakuki akaendelea kuvaa miwani kila ilipokaribia saa kumi.

Siku ya nne ya nafuu hiyo Mama Grasiana alikuja mapema. Alimkuta Mwantumu peke yake nje ya chumba cha meneja; Tatu alikuwa ametoka, na Mwantumu ameizima kompyuta ya Tatu anaipangusa.

"Shangazi yangu alikuwa kipofu," Mama Grasiana alisema baada ya salamu, kana kwamba ni maneno ya kawaida. "Nikimpa uji, anakunywa. Huyu wangu juzi nimempa uji, akaniambia una unywele. Kipofu gani anaona unywele kwenye uji?"

Mwantumu aliendelea kufuta mahali palipokwisha kutakata.

"Usiniambie kitu," Mama Grasiana alisema. "Wala yeye usimwambie kama najua. Zamani jioni nilikuwa simwoni mpaka bao liishe huko kijiweni. Sasa saa kumi na moja yuko nyumbani, ananisikiliza. Nimegundua napenda kusoma." Akasita. "Maini nitamwachisha. Hayo nimeona yanamtesa."

Mlango wa ndani ukafunguka. Bwana Habakuki alitokea, miwani imekaa puani upande, mkono mmoja umenyooka mbele. "Grasiana? Ni wewe? Nimekujua kwa sauti."

"Ni mimi, baba. Njoo. Kuna kizingiti hapo."

Alimshika mkono. Bwana Habakuki akainua mguu juu mno, kama jogoo anayevuka maji, akakivuka kizingiti, na wote wawili wakatoka nje kwenye jua taratibu, wakiongea. Mwantumu aliuma ncha ya kanga yake asije akacheka kwa sauti, akangoja kioo kikauke, ndipo akachomeka waya ukutani.